Nguruwe wa Harusi

Jumapili, 16 Machi

Mimi ni mke wa mtu! Nimeamka nikaona koti la Musyoki limetundikwa kwenye msumari karibu na gauni langu jeupe, nikacheka peke yangu kama mwehu. Jana asubuhi nilikuwa bado binti wa mama yangu kule Ukunda, nimekalishwa kwenye kigoda nasukwa nywele. Leo niko kwangu, kwenye shamba la skimu ya makazi kati ya Msambweni na Ramisi, na kila ninachokitazama ni changu nusu: minazi, mihogo, tangi la maji ya mvua, na banda la nguruwe ambalo Musyoki analipenda karibu kama anavyonipenda mimi. Karibu tu. Nimemuuliza, akaniapia.

Nitaandika humu mpaka masika yaishe, ili watoto wetu wajue tulivyopendana mwaka wa kwanza.

Kiwanja hiki tunakaa na mama yake, Mama Syovata, mwanamke wa maneno machache na macho mengi, na dada yake mkubwa Kavenya, mjane. Kavenya ana kibanda cha nyama ya nguruwe kwenye njia panda ya Ramisi. Wakata miwa wote hula kwake. Ana pia banda lake dogo la nguruwe nyuma ya nyumba. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku akinikagua kutoka kichwani hadi vidole vya miguu. Sijui alikuwa akitafuta nini kwenye vidole.

Jumanne, 18 Machi

Musyoki amenipeleka ufuoni tukakiangalia kisiwa cha Chale. Ameahidi siku moja tutalala kule kama wageni. Nimelia kidogo kwa furaha.

Jumapili, 23 Machi

Sijui nianzie wapi.

Desturi ya nyumba hii ni kwamba bi harusi hukaa wiki nzima bila kugusa sufuria. Hupikiwa. Jumapili inayofuata ndipo huwasha moto wake mwenyewe, na hakuna anayeruhusiwa kumsaidia hata kumkatia kitunguu. Mama mkwe ndiye huonja kwanza. Akila, umekuwa mtu wa nyumba.

Jana, nikiwa Msambweni kununua nyanya na ndimu, Musyoki alinichinjia nguruwe mnono. Nilirudi nikakuta nyama imeshakatwa vizuri, mafuta meupe kama nazi. Nilimkumbatia mbele ya watu.

Leo nikabandika sufuria. Mafuta yalipoanza kupata moto, kikaja kitu. Nilidhani ni choo. Nikafunga dirisha la upande wa choo. Nikaongeza tangawizi, kitunguu saumu, ndimu. Kikazidi. Ni harufu ya mkojo uliolala, iliyochanganyika na jasho la shati lililovaliwa juma zima, na ilikuwa inatoka kwenye sufuria yangu. Nikajiambia labda ni woga tu. Nikapakua.

Mama Syovata alitia kipande mdomoni. Akatafuna mara moja, taya likasimama. Akakitoa polepole kwa ncha ya leso, akakiweka ukingoni mwa sahani, akaifunika. Shangazi na binamu wote wakaziangalia sahani zao. Ndipo Kavenya akasema, kwa sauti ya kuuzia nyama njia panda:

"Bi harusi, nyama hii uliiosha kwa maji, au ulijisaidia humo humo?"

Walicheka. Binamu mmoja akakimbilia nje kutema. Kavenya hakucheka, alimtazama Musyoki, kisha akanitazama mimi, akaongeza, "Bi Kojo amefika nyumbani."

Na Musyoki wangu? Alikula. Mbele ya wote, alikula sahani yake ikaisha, akaivuta na yangu akaimaliza, akapangusa mchuzi wa mwisho kwa tonge la ugali. Akasema, "Tamu sana, mke wangu." Ni mwanamume gani mwingine duniani angekula kitu kile kwa ajili ya mapenzi? Nimempenda leo kuliko siku ya harusi.

Lakini wewe Kavenya, nimekuandika humu. Utanilipa.

Jumanne, 25 Machi

Nimepika mchicha wa nazi na ugali, nikampelekea Mama Syovata. Sahani imerudi ikiwa imefunikwa vilevile nilivyoifunika. "Mama anasema ameshiba," Kavenya aliniambia, akitabasamu kwa meno ya pembeni.

Alhamisi, 27 Machi

Sahani imerudi.

Jumapili, 30 Machi

Kanisani, kwenye benchi la kwaya, wanawake wamenipisha kama kawaida, ila sauti moja nyuma ikasema, "Mwacheni Bi Kojo apate nafasi." Jina limeshafika kanisani. Limefika hata kabla ya mvua.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua imeanza. Nilisimama barabarani chini ya mwavuli uliovunjika, Mbodze akapita na kapu lake la mchicha. Ni jirani yetu Mdigo, shamba lake liko ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umefura kama andazi?"

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akatua kapu.

"Nyama yenu mimi siijui wala sitaki kuijua, Mungu aniepushe nayo. Lakini mawifi nawajua, nilikuwa nao watano. Mmoja alitangaza kwamba uji wangu una nywele. Na wakati ule, mwanangu, nilikuwa nimenyolewa kipara kwa ajili ya mba!"

"Ukafanya nini?"

"Siku ile, sikufanya kitu. Ukilipiza leo, watasema una hasira. Ngoja wasahau, halafu ndiyo ulipize. Hapo watasema ni Mungu."

Nimerudi nyumbani nimelowa na nimefurahi.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nimejua!

Musyoki ana dume mmoja wa kupandishia, mzee, anaitwa Kanali. Leo alimtoa akampeleka kwa jike anayetaka dume, nami nikawapelekea maji. Kanali alianza kutafuna hewa, taya zikigongana, povu jeupe likamtiririka mdomoni. Akalipumulia puani mwa jike. Jike, ambaye dakika chache kabla alikuwa akizunguka banda kama kichaa, akasimama ghafla kama aliyepigiliwa misumari, masikio juu.

"Unaona?" Musyoki akasema kwa fahari. "Anambembeleza."

Nikainama kumimina maji, na povu lile likanijia usoni. Ni ile ile! Mkojo uliolala, jasho la shati. Sufuria yangu ya Machi, hapa, kwenye mdomo wa mnyama. Nilitoka mbio nikatapika kando ya tangi. Mama Syovata aliniona kutoka mlangoni kwake, uso ukamwangaza. Ni mara ya kwanza kunitabasamia tangu ile siku. Maskini alidhani ni mjukuu.

Nikamrudia Musyoki. "Yule nguruwe wa harusi, alikuwa dume?"

Alikuwa akikwangua kinyesi kwa koleo. "Alikuwa dume."

"Hajahasiwa?"

"Hajahasiwa."

"Ulimtoa wapi?"

"Kwa Dada Kavenya. Alitupa zawadi."

Hakuinua kichwa. Namjua mume wangu: hapendi kumsema dada yake vibaya, moyo wake ni mwema mno. Lakini mimi sina moyo mwema kiasi hicho. Kwa hiyo Kavenya alijua! Mwanamke anayekaanga nguruwe tangu sijazaliwa alinipa dume nimpike mbele ya mama mkwe, kisha akakaa akingoja nijifedheheshe, akiwa tayari na jina lake mdomoni. Leo sijamwamkia. Nimempita kama nguzo.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kavenya ndiye aliyepika. Watu wamejilamba vidole. Nami nimejilamba, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumanne, 29 Aprili

Amekuja Loice, anayenunua nyama kwa ajili ya jiko la hoteli moja ya Diani. Musyoki amemfuatilia tangu mwaka jana. Tumefagia uwanja, nimevaa gauni la maua ya zambarau ambalo Musyoki anasema linanifanya nifanane na asubuhi. (Asubuhi! Ni nani alimfundisha maneno haya?)

Loice ni mtu wa bara, mfupi, ana haraka. Hakukaa hata kunywa chai.

"Wako wangapi hawajahasiwa?"

"Ni Kanali tu, wa mbegu," Musyoki akajibu. "Wengine wote nawahasi mapema."

"Hiyo ni sawa, kwa sababu dume mzima mimi sichukui, hata mmfunge utepe. Nikipata kipande kimoja kinanuka, narudisha mzigo wote, na hapa hamtaniona tena."

Musyoki alipokwenda kutafuta mwavuli wake, nilimuuliza Loice kwa sauti ya chini harufu ile ni ya nini hasa. Nilisoma homoni kidato cha tatu, lakini mwalimu wetu alituchorea binadamu tu.

"Si uchafu, dada, na si ugonjwa," akasema. "Ni homoni yake mwenyewe, Mungu alimpa ili majike wampende. Inatengenezwa kwenye korodani, inakwenda kulala kwenye mafuta. Nyama ikiwa mbichi haisemi kitu. Ikipata moto, inaamka. Uoshe, utie ndimu, uombe, itanuka tu."

"Kwa hiyo mpishi hana kosa?"

"Mpishi atakosea nini? Na jambo la ajabu ni kwamba si kila mtu anaisikia. Kuna watu kwa harufu hiyo pua zao ni ukuta. Tulikuwa na mpishi mmoja hodari, akapika dume mzima, akaonja, akasifu. Wageni wakarudisha sahani zote. Ndiyo maana nakaanga kipande cha mafuta kwanza, na sinusi peke yangu."

Nilitaka kumkumbatia! Ningeweza kukimbia moja kwa moja kwa Mama Syovata na kumwambia: sikukosea, ni homoni. Nilifika hata mlangoni pake. Kisha nikageuka. Kumnong'oneza mzee mmoja ndani ya nyumba hakutoshi. Kavenya alinivua nguo mbele ya watu. Nami nataka kumvua mbele ya watu, na kwa sufuria ile ile.

Jumatano, 14 Mei

Mvua tangu alfajiri. Barabara ya kwenda Ramisi imekatika. Musyoki amenibeba mgongoni kuvuka matope mpaka bandani nikaone watoto wa nguruwe wapya. Amewahasi wale madume wadogo wote, na mmoja mkubwa aliyekuwa amemsahau. Nilimshika mdomo yule mdogo kabisa asipige kelele. Mapenzi yanaweza kuwa mahali popote, hata hapo.

Sahani ya jana imerudi.

Jumamosi, 24 Mei

Nimepata nilichokuwa nikitafuta. Kisilu, jirani yetu wa upande wa Ramisi, ana dume mzee aliyevunja banda akala mihogo ya watu. Anataka kumchinja. Nimemwomba asubiri mpaka mkesha wa Pentekoste na aniwekee mguu mmoja wenye mafuta.

"Dume huyu atakunukia, shemeji," akanionya.

"Najua, Kisilu. Ndiyo maana nautaka."

Alinitazama kama aliyeona nyoka kwenye kikapu cha maua.

Pentekoste kanisa zima hula pamoja, na kila mwaka jiko la nguruwe ni la Kavenya. Hakuna mwingine anayegusa mwiko. Ee Mungu, nisamehe, lakini nimehesabu siku kama nilivyohesabu za harusi.

Jumapili, 8 Juni

Nitaandika yote.

Mvua ilikuwa ya rasharasha. Majiko yalikuwa nyuma ya kanisa chini ya turubai: moja la pilau, moja la kuku, na la Kavenya. Nikamkabidhi mguu ule umefungwa kwa jani la mgomba.

"Sadaka yangu, wifi."

"Heh! Bi Kojo ametoa nyama!" akawaambia wenzake. "Keti hapo uangalie inavyopikwa."

Nikaketi. Sijawahi kuketi mahali kwa raha kama pale.

Alitia mafuta kwanza yayeyuke. Alikuwa akisimulia jambo kuhusu mkata miwa mmoja aliyeomba nyama ya mkopo kwa kumwimbia, na wanawake walikuwa wakicheka, kisha mwiko ukasimama. Nikauona unasimama. Pua yake ikapanuka. Akatazama sufuria, akatazama jani la mgomba, kisha akanitazama mimi kupitia mvuke, na akajua. Nami nikahakikisha anajua kwamba najua.

"Wifi," nikasema, polepole, kila mtu asikie, "ulinawa mikono?"

Harufu ikatanda chini ya turubai lote. Wanawake wakaziba pua kwa leso. "Kavenya, nini hicho?" "Mungu wangu, choo kimefurika?" Mmoja akapayuka, "Leo Bi Kojo ni mwingine!" Wakaangua kicheko. Kavenya alisimama na mwiko mkononi, uso umemwiva. Yeye! Ambaye hajawahi kukosa jibu!

Lo, utamu wake. Miezi yote ya masika nilikuwa nimeubana moyoni kama pipi isiyofunguliwa, na sasa nilikuwa nikiifyonza. Nilitaka Mama Syovata aje anuse. Alikuja. Alinusa. Akamtazama Kavenya vilevile alivyonitazama mimi.

Nyama ikasogezwa pembeni, lakini haikumwagwa, maana Hannah, mke wa mchungaji, alipita akaonja, akasema haoni ubaya wowote, labda chumvi kidogo. Pua yake ni ukuta. Nikamkumbuka Loice, nikacheka. Wanaume wa kwaya wakaja na sahani zao. Wengine walifika karibu na sufuria hiyo wakageuza njia kuelekea kwa kuku. Musyoki hakugeuza. Alipakua. Aliketi kwenye benchi akala.

Nikamtazama kwa mapenzi, maana ni mume wangu na shati lake lilikuwa limelowa mabegani. Akala yote. Akarudi akaongeza. Akapangusa mchuzi wa mwisho kwa tonge la ugali, akamwinulia dada yake kidole gumba, akasema:

"Tamu sana, dada!"

Sauti ile ile. Tonge lile lile. Uso ule ule niliouandika humu tarehe 23 Machi na kuulilia.

Kwa hiyo hakuwa amenivumilia. Hakuwa amenitetea. Alikuwa na njaa tu.

Kavenya akaja akasimama karibu nami, aproni imelowa. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha.

"Mwangalie," akasema. "Yuko hivyo tangu mtoto. Hasikii harufu hiyo hata umpake puani."

"Wewe ndiye uliyenipa dume."

"Nilikupa dume wa mbegu, Kaluki." Ni mara ya kwanza kuniita jina langu. "Wa kuja kumrithi Kanali bandani kwenu. Mama yake alikufa, nilimlea kwa chupa. Jumamosi ile nimerudi kutoka kibandani namkuta Musyoki na kisu mkononi. Nikamwambia, huyo si wa kula, atanuka, utamwaibisha mkeo. Akaniambia nyama ni nyama."

"Alijua?"

"Niliyasema yote mbele yake."

"Basi kwa nini ulinitukana mimi?"

Akafuta uso kwa aproni. "Nilikuwa na uchungu, na wewe ulikuwa karibu. Na nilikuwa nikimngoja. Nilidhani akisikia mkewe anatukanwa, atafungua mdomo."

"Hakufungua."

"Alifungua," Kavenya akasema. "Akala."

Kwenye benchi la wanaume walikuwa wakicheka jambo fulani, na kicheko cha Musyoki kilikuwa juu ya vyote, kile ambacho mimi nilikipenda kabla ya kujua jina lake.

"Hii ya leo umenilipa," Kavenya akasema, akiinua sufuria. "Nilistahili, nimeipokea. Lakini umebakisha mmoja."

Jumatatu, 9 Juni

Sina la kuandika. Mvua.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemuuliza. Alikuwa akinishika kiuno, tumesimama dirishani, na alijibu bila hata kuniachia.

"Ningesema dume wetu amenuka, Kaluki, maneno yangefika hotelini kabla ya jioni. Nilimfuatilia Loice mwaka mzima. Wewe ni mke wangu, utanisamehe. Hoteli haisamehi."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayenieleza njia ya kwenda dukani.

"Mama yako hajala kutoka mkononi mwangu tangu Machi."

"Atakula tu. Watu husahau."

"Mwambie."

"Nitamwambia. Oda ya kwanza ikishapita."

Akanibusu kichwani. Bado ni mzuri sana huyu mtu. Nimeutazama uzuri wake wote, nikautoa mkono wake kiunoni, kidole baada ya kidole.

Jumapili, 15 Juni

Sahani imerudi. Safari hii sikuilaumu.

Ijumaa, 20 Juni

Leo ndiyo siku ya oda ya kwanza. Nguruwe walichinjwa alfajiri kichinjioni, wakakaguliwa, wakapigwa mhuri. Mhuri ni wa magonjwa; haujui harufu. Musyoki akarudi mbio kwenye mvua na kipande cha mafuta kwenye karatasi, macho yamemtoka. Nguruwe mmoja alikuwa yule dume aliyemsahau, akamhasi Mei akiwa mkubwa. Hakuwa na uhakika kama homoni imeshamtoka mwilini.

Akabandika kikaango kwenye jiko langu. Mafuta yakaanza kulia.

"Inanuka?"

Nilikuwa nikichambua mchele. Nikamtazama, nikaendelea kuchambua.

"Kaluki. Inanuka?"

Nikatoa jiwe moja, nikaliweka kando.

"Mpenzi, gari la hoteli limeshatoka Diani. Loice mwenyewe yumo. Kikinuka kipande kimoja tu, nimekwisha. Niambie nimtoe huyo mmoja, au nisimtoe. Tikisa kichwa tu."

Harufu ya mafuta yale ilikuwa imejaa jikoni, na niliijua tangu ilipoanza kupanda. Lakini nilikaa kimya. Alikaa kimya yeye, siku ile, mbele ya ukoo mzima. Nilitaka ajue kimya kina uzito gani kikiwa mikononi mwa mtu unayempenda.

Akainamisha uso kwenye kikaango, akavuta pumzi mpaka akaunguza ncha ya pua. Hakuna kitu. Ukuta. Akanitazama tena, na safari hii hakuwa akiniomba kama mume. Alikuwa akiniomba kama mtu aliyeshikwa.

"Nilikukosea," akasema.

Nikatoa jiwe lingine.

Akaenda mlangoni. Ng'ambo ya uwanja kulikuwa na mlango wa mama yake. Kavenya alikuwa kibandani kwake. Pua nyingine iliyobaki kiwanjani ilikuwa ya Mama Syovata, na ni pua hodari. Lakini huwezi kumwita mzee kwenye mvua umwambie nusa, bila kumwambia kwa nini. Nilimwona Musyoki akiliwaza hilo. Nililiona likimpanda shingoni. Alishika mwimo wa mlango, akauachia, akaushika tena. Kisha akatoka akavuka uwanja bila kofia.

Mama Syovata alikuja amejifunika leso kichwani.

"Unaniitia nini na mvua hii?"

"Nataka unuse kikaango, mama."

"Ninuse? Mkeo hana pua?"

"Anayo. Mimi ndiye sina." Akapangusa mvua usoni. "Yule nguruwe wa Machi alikuwa dume mzima. Dada Kavenya alinionya. Nilimchinja kwa ukaidi. Kaluki hakukosea chochote, ni mnyama ndiye aliyenuka. Nami nilinyamaza kwa sababu ya hoteli."

Mama Syovata alisogea kwenye kikaango. Akainama, akanusa.

"Hii ni safi. Mpe mtu yeyote." Akanyooka. "Hebu rudia ulichosema."

"Mama, gari..."

"Rudia!"

Akarudia. Mama Syovata akachukua mwiko wangu ukutani, akamchapa nao begani, pa! Mtu mzima mwenye ndevu!

"Miezi yote hii nimerudisha sahani za mtoto wa watu! Mtoto ananipikia na mvua, mimi nafunika! Toka, nenda kauze nyama yako."

Akatoka mbio, ameshika bega.

Mama Syovata akavuta kigoda changu, akaketi kwa shida, akapanga leso magotini.

"Humu ndani kuna nini cha kula?"

"Hakuna cha maana, Mama. Kuna mihogo ya jana na maharage. Imepoa. Nikupashie?"

"Lete hivyo hivyo."

Alikula kwa mkono. Alikula kwa sauti, akatafuna mpaka mwisho, akasukuma sahani mbele. "Ongeza." Nilipakua nikiwa sioni vizuri kwa machozi, nikamwaga maharage jikoni. Hakuuliza kwa nini nalia. Baadaye, akiwa amejaza shavu moja, akauliza kitu kingine.

"Na wewe ulijua kwamba ni safi?"

"Nilijua tangu mafuta yapate moto, Mama."

"Na ulikuwa umeketi hapo unachambua mchele."

"Ndiyo, Mama."

Aliacha kutafuna. Nikadhani nimeharibu kila kitu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Mama Syovata, ambaye sijawahi kusikia kicheko chake, alicheka mpaka akajipiga paja.

"Basi," akasema, "umefika nyumbani."

Jumapili, 22 Juni

Mvua imepumzika. Loice amechukua mzigo wote na ameagiza mwingine.

Jana nilimwambia Musyoki kwamba mama yake peke yake hatoshi. Jina nilipewa mbele ya watu, na kanisani lingali likizunguka. Leo, wakati wa shukrani, alisimama. Alianza na habari za mvua na mazao, nikamwona anataka kuketi, nikakohoa. Akasema yote: dume, onyo, kisu, pua yake. Kanisa likaanza kucheka kutoka viti vya nyuma kuja mbele.

"Ongeza sauti, kaka!" Kavenya akapiga kelele kutoka nyuma. "Huku sisi tumesikia harufu tu!"

Hata mchungaji alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Musyoki alikuwa mwekundu kama udongo wa Kwale, jasho likimtiririka, na, Mungu nisaidie, alikuwa mzuri kuliko siku ya harusi. Nilikaa wima, nimevaa lile gauni la zambarau, nikasikiliza kila neno mpaka mwisho. Sikumpunguzia hata moja.

Tulirudi kwa miguu, yeye na mimi, mama yake na dada yake wakiwa mbele. Akaninyooshea mkono bila kunitazama, kama tulipokuwa wachumba na tunaogopa kuonekana. Nikaupokea. Nikavibana vidole vyote kwa nguvu zangu zote, mpaka akaguta, "Kaluki, unaniumiza!"

"Najua," nikamwambia, na sikumwachia mpaka nyumbani.